Kaskazini ya Shemeji

Hapa Wazo hatuna desturi ya kuulizana kaskazini ni wapi. Anayekuja kwako unamwambia ashuke Tegeta Kibaoni, achukue bodaboda, ampandishe njia ya kiwandani, na akiona mwembe na banda la mkaa apige simu. Upande mmoja tunauita baharini, wa pili kiwandani, wa tatu mjini, na wa nne ni Bunju. Anayetaka uhakika zaidi anaangalia madishi. Madishi ya Azam yote, kuanzia la mwenye ghorofa hadi la muuza genge, yanatazama magharibi na kuegemea kidogo kaskazini, maana setilaiti yao imekaa juu ya ikweta kwenye nyuzi 7 mashariki, huko karibu na São Tomé, na sisi tuko nyuzi 39. Mlevi anayerudi usiku wa manane hahitaji dira nyingine.

Mwezi Mei shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaja likizo kutoka Muscat. Mkononi alikuwa na saa nyeusi, pana kama kifuniko cha chupa ya chai. Inapima mapigo ya moyo, inahesabu hatua, inajua mwinuko kutoka usawa wa bahari, inamkumbusha kunywa maji. Ukimuuliza saa ngapi, anatoa simu mfukoni.

Alitukuta kwenye ujenzi. Tulikuwa tunamalizia chumba cha uani na choo chake kwa ajili ya mama mkwe, aliyekubali kuhamia kwetu kwa sharti moja: choo kisielekee kibla wala kisikipe mgongo. Katazo lenyewe linajulikana. Masheikh wamehitilafiana kama linahusu na choo kilichozungushiwa kuta. Mama mkwe hajahitilafiana na mtu. Fundi alikuwa ameshaliweka sinki juu ya kifusi, zege liko tayari kwenye karai, anasubiri aambiwe tu aligeuze wapi.

Kwa mahali tulipo, swali hilo ni jepesi mno. Makka iko longitudo 39.8, Wazo 39.2, tofauti haifiki nyuzi moja. Mtu wa Jakarta au New York ana haki ya kushika kalamu akokotoe. Sisi tukielekea kaskazini tumeelekea kibla, na kinachobaki ni nyuzi moja na ushei upande wa kulia, ambayo hata safu ya msikitini ikinyooka vipi haiwezi kuionyesha. Mama mkwe alinyoosha mkono tu. "Si huko unakotazama msikiti?" Fundi naye akatupa jicho kwenye dishi la jirani, akahesabu kwa vidole, akaafiki. Kazi ilikuwa imekwisha.

"Subirini," akasema shemeji. "Mambo ya dini hayabahatishwi."

Akabonyeza kitufe. Saa ikamjibu kwa maandishi mekundu kwamba dira yake haijasetiwa, na kwamba ili iweze kusema kitu, mwenye nayo akae mbali na vyuma, anyooshe mkono, achore namba 8 hewani taratibu mpaka itakapolia.

Mbali na vyuma! Kiwanda cha saruji kimekuwa hapa kilimani tangu mwaka 1966, na sisi tuliokizunguka tumejenga kwa bidii zetu zote. Mawe ya chokaa yanayochimbwa pale hayana ugomvi na dira ya mtu. Ugomvi uko kwenye tunachokizika ndani ya zege. Chini ya jamvi kuna nondo, kwenye linta kuna nondo, madirishani kuna grili, getini kuna bamba la chuma, tangi la maji limekalia mnara wa vyuma, na jirani ana Corolla isiyo na matairi iliyopandishwa juu ya matofali tangu enzi ambazo watoto wetu hawazikumbuki. Sebuleni saa ilisema kaskazini ni jikoni. Uani ikasema ni kwenye rundo la nondo. Shemeji akatoka barabarani, na pale ilianza kutulia vizuri, mpaka lilipopita lori la saruji; mshale ukalisindikiza hadi kona.

Niitetee saa kidogo, kwa sababu haikuwa mbovu. Ndani ya saa hizi hamna sindano inayoelea. Kuna kichipu kidogo kinachopima nguvu ya sumaku pande tatu. Nguvu ya sumaku ya dunia huku kwetu ni hafifu, kama theluthi mbili tu ya iliyopo Ulaya ya kaskazini, kwa hiyo chuma kilicho jirani kinaishinda kwa urahisi. Tena saa yenyewe ina betri, ina kispika, ina vitu vyake vya sumaku. Ukizungusha mkono, sumaku ya dunia inaonekana kuzunguka, lakini ile ya ndani ya saa haizunguki kwa sababu imefungwa pamoja na kichipu. Kisichozunguka ndicho kinachoondolewa kwenye hesabu. Hiyo ndiyo maana ya kuchora nane, wala si uchawi. Masharti ni mawili: kilicho mkononi kitulie mkononi, na kilicho nje kiwe mbali. Ukichora nane yako pembeni ya geti, sumaku inabadilika kila sentimita unayosogeza, hesabu inavurugika, na utatembea na uongo huo mpaka Bagamoyo.

Shemeji alilielewa hilo, ndiyo maana akaenda kwenye kiwanja cha wazi. Mtaani kwetu kiwanja cha wazi kimebaki kimoja. Kina nyasi, mnazi mmoja na kesi.

Wakazi wa huku wamezoea watu wa aina mbili wanaosimama kiwanjani na kifaa: mpima ardhi, na tapeli anayejifanya mpima ardhi. Sasa mtu mgeni, kanzu nyeupe ya Kiomani, amesimama katikati ya kiwanja cha kesi, amenyoosha mkono, anachora vitu hewani, anageuka, anainama kuitazama saa, anasogea, anaanza tena. Kisha, ili apate mahali pa kuegemeza mguu, akakanyaga bikoni.

Mama wa chapati ndiye aliyepiga simu ya kwanza. Nilipofika nilimkuta mjumbe ameshawasili, ana daftari kwapani, na nyuma yake wamesimama watu wa pande zote mbili za ile kesi, ambao kwa kawaida hawasimami pamoja.

"Shikamoo mjumbe."

"Marahaba. Huyu ni mgeni wako? Anampimia nani?"

"Simpimii mtu," shemeji akajibu huku mkono bado uko juu. "Natafuta kaskazini."

"Kaskazini ya nani?"

Asiyejua anaweza kucheka. Hati zetu za mauziano huku pembeni ya mji, zile zinazoandikwa mezani kwa mjumbe mbele ya mashahidi, huwa zinataja majirani kwa pande: kaskazini anapakana na fulani, kusini na fulani, mashariki njia ya miguu. Kumbe kesi ya kiwanja kile ilikuwa juu ya hilo hilo. Mmoja alikuwa na karatasi inayosema mnazi uko kaskazini, mwingine ana inayosema uko mashariki. Mjumbe akamwomba shemeji, kwa adabu kubwa, aiangalie saa yake aseme mnazi uko upande gani. Shemeji akafungua mdomo. Nikamshika mkono nikamwambia mama anatuita tukale.

Njiani saa ikalia. Imesetiwa.

Tuliporudi uani kila mtu alisimama kuzunguka lile sinki. Shemeji akanyoosha mkono, mshale ukazunguka, ukatulia, ukaonyesha kaskazini ni Kunduchi. Kunduchi iko baharini. Jua huchomozea huko. Mke wangu alimwambia hivyo hivyo, wala hakupaza sauti: "Kaka, jua huchomozea huko." Shemeji akasema kifaa kimetengenezwa na wataalamu, sisi tunaangalia madishi. Mama mkwe akamkumbusha msikiti. Hapo shemeji akatamka maneno ambayo alipaswa kuyaacha Muscat, ambako kibla kiko magharibi na hakuna anayemjua: kwamba misikiti mingi ilijengwa kwa kukisia, na huenda na huo wa kwetu ni hivyo.

Mafundi ni watu wa mtaani, na ukuta wa uani haujapigwa lipu. Kufika Alasiri habari ilikuwa imeshazunguka kwamba kuna mtu kaja na mashine kutoka Uarabuni, imegundua msikiti umekosea kibla. Kufika Magharibi, mashine ilikuwa imegundua na makaburi.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa madrasa, mzee mpole anayefundisha watoto chini ya bati. Alikuja baada ya Isha, akanywa kahawa, akaomba kuiona saa, akaisifia kwa moyo mweupe. Kisha akasema hatuna haja ya kubishana kwa sababu Mei 28 haiko mbali. Kila mwaka jua likipanda kuelekea kaskazini hupita juu kabisa ya Makka, na likirudi hupita tena. Mara ya kwanza ni Mei 27 au 28, saa 6:18 mchana. Saa za Makka na za Dar es Salaam ni zile zile, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha. Dakika hiyo, popote unapoliona jua, ukilielekea umeielekea Kaaba. Unasimika kijiti, unaangalia kivuli, kibla kiko kinyume na kivuli.

Fundi akauliza nani atamlipa kwa siku za kusubiri jua. Swali lilikuwa zuri, na jibu lake lilitoka mfukoni mwangu.

Siku ilipofika uani hapakuwa na nafasi ya kutema mate. Mwalimu alileta fimbo yake mwenyewe, ya mita moja hivi, akaisimika kwa timazi ya fundi. Mjumbe alikuja na daftari. Watu wa ile kesi walikuja pia, wakasimama mbalimbali. Saa sita na robo likaja wingu, maana masika ilikuwa haijaaga vizuri, na wote tukatazama juu kwa lawama. Likapita. Kwenye dakika ya kumi na nane kivuli kilikuwa wazi juu ya mchanga, kama nusu mita, chembamba, kimelala kuelekea mjini. Kinyume chake: Bunju. Kinyume chake: mihrabu ya msikiti wetu. Mama mkwe hakusema kitu. Alitengeneza mtandio.

Shemeji akaishusha saa karibu na kivuli ili alinganishe. Kunduchi. Akainua mkono juu ili ajikinge na jua. Bunju. Akaushusha tena. Kunduchi. Fundi, aliyekuwa amechuchumaa pale na misumari kiganjani, akasema, "Samahani bosi, rudia." Shemeji akarudia, mkono ukapita juu ya kiganja cha fundi, na msumari wa nchi tatu ukaruka ukanasa kwenye kifundo cha mkono wa shemeji.

Chini ya mkono wa kanzu mlikuwa na bangili ya sumaku. Zinauzwa kote, Muscat na Kariakoo, kwa ahadi kwamba zinashusha presha. Hazishushi, presha ina dawa zake hospitali. Shemeji alikuwa ameivaa mkono ule ule wa saa, na kwa kuwa ni pana ilikuwa inacheza. Akiinua mkono inateremka kwenye kiwiko, mbali na dira. Akiushusha inarudi kukaa bega kwa bega na dira. Hakuna nane ya kuchora hewani inayoweza kuondoa sumaku inayotembea.

Ilipovuliwa, saa ikachorewa nane upya kule kwenye njia ya mchanga, na ikawa mtu mzima. Ilitofautiana na kivuli kwa nyuzi chache tu, na hizo zina maelezo: kaskazini ya sumaku hapa Dar es Salaam inaegemea magharibi ya kaskazini halisi kwa nyuzi kama mbili tatu, na saa nyingi za aina hii zina mahali pa kuingiza tofauti hiyo, ambapo hakuna anayepafungua. Sinki likawekwa likitazama baharini. Mama mkwe amehamia, amekikagua choo, ameridhika. Bangili anayo fundi. Anaokotea misumari iliyomwagika mchangani, na anasema kwa kazi hiyo haina mfano. Kesi ya mnazi inaendelea.

Wewe unayejenga, kama sinki lako bado halijamwagiwa zege, jua litarudi juu ya Makka Julai 15 au 16, saa 6:27 mchana. Andaa kijiti kilichonyooka, na umlipe fundi siku hiyo asiondoke.