Sifa za Ukurasa Usiotembelewa

Wenye bahati ya kusifiwa wamekwisha kusifiwa. Fayawoli ina mashabiki wake, antivirusi ina matangazo yake, hata seva ina chumba chenye kiyoyozi wakati sisi tunajipepea kwa faili. Leo namsifu mnyonge: ukurasa wa mipangilio ya ugunduzi wa vifaa, uliojibanza ndani kabisa ya programu ya kusimamia usalama wa mtandao. Ukiufungua kuutazama, unakupokea kwa herufi ndogo za kijivu, bila grafu hata moja ya kumfurahisha bosi.

Kazi yake ni kupanga nani akapigiwe hodi. Unaupa anwani, tuseme 254 za mtandao mmoja wa ofisi, na programu inabisha mlango hadi mlango: kwanza pingi, kisha SNMP kwenye poti 161, kisha SSH kwenye poti 22. Pingi yenyewe aliiandika Mmarekani Mike Muuss, Desemba 1983, akaipa jina la mlio wa sona za nyambizi. Angezaliwa Tanga, leo tungeiita hodi. Printa ya uhasibu huitikia kabla ya wote, kama mtoto aliyekuwa akichungulia dirishani. Vingine husikia vikanyamaza, maana fayawoli imeviambia visijibu wageni.

Na staha yake je? Neno la kujitambulisha la SNMP toleo la 2c husafiri kwenye waya likiwa wazi, na vifaa vingi vimetoka kiwandani likiwa "public". Hata hivyo ukurasa hulifunika kwa vinyota, kwa heshima ileile ya kumtupia khanga mtu aliye uchi ambaye mtaa mzima umeshamwona.

Lakini sifa yake kubwa ni kukiri. Orodha ya vifaa hutangaza vilivyopatikana, na sote tunapiga makofi. Ni ukurasa huu peke yake unaosema hodi iliishia mlango wa ngapi.

Miezi minane swichi iliyo chini ya meza ya keshia, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi, haikuonekana kwenye orodha yoyote. Siku ilipokufa, foleni ikafika ngazini, nami nikawa wa kwanza kufoka: nani kazembea hapa? Nikaufungua ukurasa. Kuanzia 192.168.10.1 hadi 192.168.10.200. Swichi ilikuwa .214.

Chini yake, kwa kijivu kilekile: "Imeundwa na", likifuata jina langu, Ijumaa, saa 17:52.

Nikafuta 200, nikaandika 254, nikahifadhi. Bosi alipouliza, nikamwambia programu ilikuwa na hitilafu.