Ritifaa ya Ng'ombe

Mpwa wangu anatafuta kazi, kwa hiyo nimeteuliwa bila malipo kuwa msahihishaji wa barua zake. Sikatai. Kinachonipandisha presha ni ule mstari wa mwisho, juu ya sahihi: Your's faithfully.

Jamani, hiyo ritifaa imetoka wapi? Yours haiitaki, kama ambavyo ours, hers na theirs haziitaki. Iwekwe kwenye don't, ambako kuna herufi imeng'olewa, au kwenye John's, tujue mali ni ya John. Lakini kijana huyohuyo akinitumia ujumbe wa kuomba hela ya nyama, anaandika "ngombe". Yaani ng'ombe wetu anaporwa ritifaa yake ya halali, anapelekewa Mwingereza ambaye wala hakuiomba!

Tuiache hiyo. Kanuni tuliyofundishwa shuleni, ya Waingereza hao hao, ni kwamba ukianza na Dear Sir or Madam, kwa kuwa humjui jina, unamaliza na Yours faithfully. Ukimtaja, Dear Mr Mushi, unamaliza na Yours sincerely. Wamarekani hawana muda na mzozo huo, wanaandika Sincerely wanaendelea na maisha. Mpwa wangu yeye kaandika "Dear Sir Mushi", kana kwamba meneja wa ghala alishapiga goti mbele ya Mfalme Charles akaguswa upanga begani.

Nikaenda stesheneri alikochapishiwa.

"Shikamoo baba," dada akanipokea.

"Marahaba. Nani aliandika hii Your's?"

"Niliikuta kwenye kompyuta. Mimi nabadilisha jina na tarehe tu."

Kumbe mtaa mzima unaomba kazi kwa barua moja! Walinzi, madereva, wahasibu, wote wana ritifaa ileile.

"Lakini si kompyuta imeipigia mstari mwekundu?"

"Baba, hiyo kompyuta hata jina langu inalipigia mstari mwekundu."

Hapo sikuwa na hoja. Andika Kiswahili kwenye mashine zile uone, ukurasa unageuka damu tupu. Nani atashtushwa na mstari mmoja zaidi?

Nikamsimamia mpaka akaifuta. Akachapa upya, akanitoza hela ya karatasi na ya marekebisho. Nikampelekea mpwa wangu barua safi. Akaisoma taratibu, akakunja uso.

"Anko, huyu dada kasahau kitu," akasema, akachomoa kalamu, akairudishia ritifaa kwa mkono.