Sifa za Ruta ya Pili

Watu wa Nyeri tuna mengi ya kujivunia: mlima, kahawa, hata kaburi la Baden-Powell linalowaleta maskauti kutoka kila pembe ya dunia. Leo nasimama kukisifu kisichosifiwa na yeyote: ile ruta ya pili juu ya kabati la Mama huku King'ong'o, inayodoea intaneti hewani kutoka kwa ruta ya kwanza iliyo katika nyumba ya mbele.

Haina makuu. Haidai waya wala bili yake. Taa zake za kijani hupepesa usiku kucha hata kama haifanyi kazi yoyote, na kwa hilo imezishinda ofisi nyingi tunazozijua, ambazo hazina hata taa.

Lakini fadhila yake kuu ni kugawa nusu. Redio yake haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja kwenye chaneli ile ile. Data yote huipokea kwanza, kisha huitangaza upya, kwa hiyo kila kitu kinapita hewani mara mbili. Hewa iliyokuwa ikibeba megabiti 20 kwa sekunde humwachia Mama 10, tena siku njema. Wenye roho ndogo huita huo upungufu. Mimi nauita uzalendo. Mwaka 2008 Mwai Kibaki, mtu wetu wa Othaya, na Raila Odinga, baada ya ugomvi wa nani mwenye mamlaka, waliunda serikali tuliyoiita ya nusu mkate, wakaula hadi 2013. Ruta mbili nazo huanza na ugomvi huo huo. Mara nyingi zote hutoka dukani na anwani moja, tuseme 192.168.1.1, na kila moja inaamini ndiyo yenye mamlaka ya kuzigawia simu za nyumba anwani zao. Zikiachwa hivyo, simu inaonyesha waifai imejaa na hakuna kinachofunguka. Dawa ni kuipa ya pili anwani nyingine, kuivua kazi ya kugawa, na kuziweka zote kwenye chaneli moja. Hakuhitajika mpatanishi kama Kofi Annan. Ya pili ilikubali kuwa msaidizi bila kudai kutandikiwa zulia jekundu.

Imemzidishia Mama subira pia. Kuta za mawe ya kukatwa kwa mashine hunyonya mawimbi, kwa hiyo akitaka kuongea na dada aliye Marekani husimama kando ya dirisha la jikoni, simu ameiegemeza kwenye birika. Picha ikiganda, dada akiwa mdomo wazi na jicho moja limefumba, Mama hakati maneno. Humweleza ule uso uliokwama habari za ng'ombe na bei ya maziwa, kwa heshima zote, mpaka uchangamke tena.

Kwa nini basi Mama asiwe na waya wake? Fundi wa kampuni alisimama ukumbini mwa nyumba ya mbele, akatazama nyumba ya Mama kule nyuma, akasema: "Mkubwa, hiyo haiko kwenye ramani." Haiko vipi? Nyumba ile ilikuwa na moshi jikoni kabla kampuni yenyewe haijasajiliwa! Ukipiga simu huduma kwa wateja, baada ya muziki mrefu unaambiwa eneo lako liko kwenye mpango. Mpango wa nani, wa lini? Kebo ya intaneti ya TEAMS ilitoka Fujairah, ikapita chini ya bahari zaidi ya kilomita 4,000, ikatua Mombasa mwaka 2009. Intaneti ikavuka Tsavo, ikafika Nairobi, ikapanda hadi Karatina na Nyeri, kisha ikashindwa na mita hamsini za nyasi na mparachichi mmoja.

Wala msiniambie watu wa nyuma hawafikiki. Kule Nanyuki, mwaka 2013, mradi wa Mawingu na Microsoft ulianza kupeleka intaneti mashambani kwa masafa ya televisheni yaliyokuwa yamelala bure. Waliotaka kufika walifika. Wetu walimtuma wakala mwenye tabasamu, na alichokuja kuniuzia ni ruta ya pili.

Kwa hiyo ruta haina kosa, mwacheni apumzike huyo mnyonge. Ombi langu ni kwa kampuni: leteni waya. Mtaro tutauchimba wenyewe, na Mama amekubali matawi ya mparachichi ya upande wa barabara yakatwe.