Jinsi ya Kuomba Pipi za Halloween Ukiwa Umeshampita Mama Urefu

Una miaka 15, sauti imekuwa nzito, na tarehe 31 Oktoba inakaribia. Unataka kwenda. Usijifanye hutaki. Marafiki zako nao wanataka, ila kila mmoja anamngoja mwenzake aseme "twendeni" ili baadaye adai alilazimishwa. Sema wewe, kisha nifuate.

Kwanza, ijue sheria ya mahali ulipo. Marekani haina umri mmoja wa mwisho kwa nchi nzima. Kila mji una lake. Chesapeake, jimboni Virginia, ilipitisha sheria mwaka 1970 kwamba aliyezidi miaka 12 akikutwa anagonga milango kuomba pipi atozwe faini ya dola 25 hadi 100, au afungwe jela hadi miezi sita. Jela, kwa ajili ya chokoleti! Mwaka 2019 walilegeza: umri ukapanda hadi 14 na kifungo kikafutwa. Bathurst, kule New Brunswick nchini Canada, mpaka waliouweka ni miaka 16. Kwa hiyo kabla hujachagua vazi, soma tangazo la mji wako: umri gani, na mwisho saa ngapi. Mara nyingi mwisho ni saa mbili usiku. Ukikuta sheria inakukataa, vuka mpaka ukaombe mji wa jirani.

Pili, azima mtoto. Hii ndiyo njia ya mkato iliyo bora kuliko zote, na Chesapeake wenyewe waliithibitisha walipoeleza kwamba kijana wa miaka 13 anayezunguka salama na mdogo wake hatapata shida; mwenye shida ni anayechukua maboga ya watu barazani na kuyapasua barabarani. Kama nyumbani kwenu kitinda mimba ni wewe, nenda kwa jirani mwenye mtoto wa miaka sita. Wazazi wake wamechoka, watakushukuru. Mkipanda ngazi za baraza, mshike mkono. Mwache yeye aseme kwanza. Akishapewa, nyosha mfuko wako taratibu, kana kwamba umeukumbuka sasa hivi. Hakuna mama mwenye nyumba atakayemjazia mdogo halafu akamnyima mkubwa aliyemleta. Lakini uazimaji huu una masharti: mtembee kwa mwendo wake, akichoka umbebe, na pipi zake ni zake.

Sasa vazi, na hapa tukae kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapojiharibia. Wanakuja na jaketi la kila siku, mikono mfukoni, na wakiulizwa wamevaa nini wanajibu, "Mimi kijana." Nakuhakikishia, mwenye nyumba hachukizwi na umri wako. Anachukizwa na uvivu wako. Ametumia wikendi nzima kutundika buibui wa plastiki na kuchonga boga, halafu unamjia ulivyotoka shule! Mwonyeshe kwamba na wewe umehangaika. Haihitaji pesa. Tafuta boksi la friji, toboa matundu ya mikono na macho, paka rangi ya fedha, ingia ndani. Aliyefunikwa na boksi mpaka magotini haulizwi umri, anaombwa picha. Kama mko watano, chagueni wazo moja: harusi nzima ya mizimu, na mrefu kuliko wote awe bibi harusi. Masharubu yako machanga, ambayo umekuwa ukiyaangalia kwenye kioo tangu Agosti, yanyoe. Yataota tena kabla ya Krismasi.

Halafu yupo mama. Ikiwa wazazi wako wametoka Mombasa wakahamia Minneapolis, utasikia: "Tumevuka bahari yote hii ili mwanangu akaombe kwenye milango ya watu?" Usibishane. Mwambie kwa adabu, "Mama, na mkono wa Idi je?" Naye alivaa nguo mpya, akapita nyumba hadi nyumba mtaani kwao, akaamkia wazee, akarudi na sarafu. Mweleze kwamba huku taa ya barazani ikiwashwa usiku huo ni karibu iliyotangulia hodi; iliyozimwa ni nyumba ya kupitwa kimya. Atalainika. Ila akikataa kwa sababu ya dini, liache hapo hapo. Novemba mosi pipi zile zile zinauzwa kwa bei iliyoshushwa, na heshima ya mama haina punguzo.

Mlangoni usiwe bubu. Piga kengele mara moja, rudi nyuma hatua mbili, na mlango ukifunguka sema "Trick or treat!" kwa sauti ya mtu anayefurahi kuwepo. Kisha sifia. Sifia boga. Ukiona mifupa ya plastiki imeketishwa kwenye kiti, uliza nani aliifikiria. Watu wazima hawapambi baraza kwa ajili ya watoto wa miaka mitatu wanaolia wakiona mifupa; wanapamba ili mtu mwenye akili zake aone. Wewe ndiye mtu huyo.

Utaulizwa tu: "Wewe si mkubwa sasa kwa mambo haya?" Jibu la haraka ni kichekesho. Kiwe kifupi, kiwe kimeandaliwa. Uskoti watoto wa Halloween tangu zamani hutakiwa kuimba, kughani au kutoa utani kabla ya kupewa kitu, na mji wa Des Moines, Iowa, umelea desturi ya namna hiyo tangu 1938: toa kichekesho upate pipi. Ukilipa kwa kicheko, hukuomba tena; umeuza.

Na kama moyoni bado unaona aibu, jua hili: pipi hizi zilikusudiwa wewe. Kwenye miaka ya 1920 na 1930 Halloween huko Marekani ilikuwa usiku wa vijana wa rika lako kung'oa mageti, kupaka sabuni madirisha na kuvunja mali. Watu wazima wakatafuta njia ya kuwatuliza, wakaanza kuwaandalia sherehe na vitu vitamu. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, sukari ikawa ya mgawo hadi 1947, na baada ya hapo desturi ikaenea nchi nzima. Watoto wadogo walikuja kuifanya yao. Ukimwona kijana wa miaka 16 ndani ya boksi anaomba chokoleti saa moja na nusu jioni, unaona mpango uliofanikiwa kabisa. Kumfukuza ni kumwambia akatafute kazi nyingine ya usiku.

Bakuli lililoachwa barazani na kikaratasi cha "chukua moja": chukua moja. Kamera ya kengele inakuona, na yule mtoto uliyemwazima anakuona zaidi.

Kiboksi cha rangi ya chungwa cha UNICEF, cha kampeni iliyoanza 1950 ya watoto wa Marekani kukusanyia watoto wenzao fedha, ni pasi nzuri kwa mtu mrefu. Mkono mmoja kiboksi, mkono mwingine mfuko wako. Milango itafunguka wazi. Ila sarafu zote zifike zinakokwenda, bila kupungua hata moja. Na ndoo ya buluu usiiguse. Wapo wazazi wa watoto wenye usonji wanaowapa ndoo ya rangi hiyo ili mwenye nyumba aelewe bila kuuliza, hasa pale mtoto anapokuwa na mwili wa mtu mzima. Hiyo si njia ya mkato yako.

Hapa nisikilize vizuri. Tarehe 17 Oktoba 1992, Baton Rouge, Louisiana, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, alikuwa akienda kwenye sherehe ya Halloween. Alikosea nyumba, akapiga kengele, akauawa kwa risasi na mwenye nyumba. Kijana mrefu gizani huonwa kuwa mwanamume kabla hajaonwa kuwa mtoto, na ukiwa mweusi huonwa hivyo mapema zaidi. Kwa hiyo barakoa ishuke kabla mlango haujafunguka. Bastola ya plastiki ibaki nyumbani, hata kama vazi linaidai. Nenda milango yenye taa tu, njia ya mbele tu, na usikatize bustani za watu. Tembeeni pamoja, tochi ikiwaka, na vuka barabara kwenye kivuko, maana dereva haoni vazi jeusi. Ukiambiwa ondoka, ondoka. Hakuna chokoleti ya kubishania.

Anza mapema, jua likiwa linazama, wakati mabakuli yamejaa na wenye nyumba bado wana hamu ya wageni. Saa mbili kasorobo geuza njia. Mrudishe mtoto kwao akiwa na viatu vyote viwili.

Kisha mlipe. Mwage mifuko yote miwili sakafuni, mwache achague tatu kutoka kwako, na akichagua chokoleti zako zote za Reese's usikunje uso. Na usithubutu kumlipa kwa candy corn, pipi usizozitaka mwenyewe.