Kadi Iliyopikwa na Pilau ya Chama

Daktari alimwambia Mzee, mume wangu, atembee. Hakumwambia anunue kitu. Lakini wanaume wa ukoo huu hawaanzi jambo bila kupitia dukani, kwa hivyo zoezi la kutoka nyumbani Kiamunyi hadi barabara ya Kabarak na kurudi, ambalo halidai ila miguu na raba, lilianzia mjini Nakuru, Kenyatta Avenue, kwenye duka la vifaa vya simu.

Simu ilikuwa imejaribiwa kwanza ikashindwa. Mzee aliitia mfukoni, suruali ya mazoezi ikashuka. Akaamua kuishika mkononi. Kabla hajapita kibanda cha maziwa alikuwa amepigiwa na fundi wa tangi, amesoma ujumbe wa ukoo kuhusu mchango wa mahari, ruracio, na amesimama kando ya njia akibishana na ndugu yake juu ya mbuzi. Alirudi akitokwa jasho la hasira. Presha iliyompeleka kwa daktari ilipata shibe yake asubuhi hiyo.

Hapo ndipo nilipotoa hoja ninayoishikilia mpaka leo: anayetaka kutembea atafute chombo kisichopigiwa. Kiimbe, basi. Kisiwe na namba ya mtu ndani yake, wala salio, wala mkopo unaosubiri kulipwa.

Mzee alikubali haraka, maana ujanani aliwahi kumiliki Walkman. Sony walitoa ya kwanza mwaka 1979, na ya kwake, aliyoachiwa na mjomba, ilimfanya kijana wa maana mtaani. Kanda alizirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri. Akiisimulia husahau kwamba ilikuwa nzito kuliko hiyo simu anayoikataa. Mwaka 2001 wakaja Apple na iPod yao, nyimbo elfu moja mfukoni. Mwaka 2005 wakatoa ile ndogo, shuffle, isiyo na skrini kabisa, na baadaye wakaitia kibanio cha kuining'iniza kwenye nguo. Shuffle iliachwa kutengenezwa mwaka 2017. Kilichobaki katika maduka yetu ni nakala zake za bei ya chini: kidude cha mraba, kibanio nyuma, vitufe vichache mbele, na upenyo wa kuchomeka kadi ya memori.

“Mzee, chukua hiki cha rangi ya machungwa,” kijana wa duka alisema. “Hata kikianguka nyasini utakiona. Na ni orijino.”

Hakusema orijino ya nani.

Mimi nilikikagua kwa njia yangu. Nilifumba macho, nikabonyeza vitufe kwa kidole gumba. Anayetembea kando ya boda boda hana nafasi ya kuinamia kidude kutafuta wimbo unaofuata. Halafu nikakibana kwenye pindo la leso yangu na kuikung'uta mara kadhaa mbele ya wateja. Hakikuanguka. Nikauliza waya wa kuchajia, kwa sababu vidude hivi vingi bado vina tundu la zamani lisiloingia chaja ya simu ya siku hizi. Ukipoteza waya, umepoteza na kidude. Spika za masikioni nikachagua za waya pia. Zisizo na waya zinataka chaja yake, na nyumba yetu ina ugomvi wa kutosha kwenye soketi moja ya sebuleni.

Mzee alitaka chenye redio. Kijana akamweleza, na alisema kweli, kwamba katika vidude hivi waya wa spika ndio antena. Ukichomoa spika, redio inakufa. Nilikataa kwa sababu nyingine. Mtu mwenye presha hana haja ya kuanza siku na taarifa ya habari ya Kenya.

Nyimbo zikapelekwa kujazwa kwenye kibanda kilicho karibu na steji, kwa kijana anayewawekea madereva wa matatu. Alijaza kadi kwa moyo mweupe, miksi tupu, kila moja zaidi ya saa nzima, na didijei akitaja jina lake kila mwimbaji anapotaka kuvuta pumzi. Sasa kidude kisicho na skrini hakina kumbukumbu ndefu. Ukikizima katikati ya miksi, ukikiwasha kinarudi mwanzo wa miksi hiyo hiyo. Mzee alitembea wiki nzima akisikiliza dakika zile zile za mwanzo: king'ora, kelele, jina la didijei, halafu wimbo ambao hajawahi kuumaliza. Ikafika mahali akiwa bafuni anajipigia king'ora mwenyewe.

Nikaichukua kazi ya kujaza nyimbo. Mtu anayetembea kwa bidii hupiga hatua kama mia na ishirini kwa dakika, na Profesa Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ambaye amechunguza muziki na mazoezi kwa miaka mingi, hupendekeza kwa mazoezi mengi midundo ya 120 hadi 140 kwa dakika. Nilimsomea Mzee. Nikamkumbusha pia kwamba Haile Gebrselassie alivunja rekodi ya mita 2,000 ya ndani ya ukumbi kule Birmingham mwaka 1998 wimbo “Scatman” ukipigwa uwanjani.

“Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kule Vienna kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40,” Mzee akajibu, “na hakuwa na kitu masikioni. Sheria za riadha zenyewe hazikubali vidude mashindanoni.”

“Kipchoge hana tumbo,” nikamwambia. “Wewe huendi mashindanoni. Unaenda hadi barabara ya Kabarak.”

Basi nikampangia. Rumba ya zamani inafaa mtembezi kuliko wengi wanavyojua: waimbaji huanza taratibu, unawasikiliza kwenye tambarare mwili ukipata moto, sebene likiingia, magitaa yakianza kufukuzana, uwe umefika kwenye mwinuko. Katikati nikatia benga, kwa sababu benga haikuruhusu kuburuta mguu. Nikajifunza jambo ambalo kijana wa kibanda hakunieleza: kidude cha namna hii hakijali majina ya nyimbo wala alfabeti, hupiga kwa mpangilio ule ule zilivyoingia kwenye kadi. Ilinibidi kuzihamisha wimbo baada ya wimbo kutoka kwenye kompyuta, taratibu, usiku, watoto wakiwa wamelala.

Tukaweka na masharti. Sauti isipandishwe kiasi cha kushindwa kusikia mtu anayekusalimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 tu kwa wiki kabla masikio hayajaanza kuingia hatarini, na ukipandisha, saa hizo hupungua kwa kasi. Tena anayetembea akiyakabili magari, upande wa kulia, sikio la kushoto libaki wazi, kwa kuwa ndilo lililo upande wa barabara. Boda boda za Kiamunyi zinatokea pande zote mbili, lakini angalau upande mmoja utausikia.

Mambo yakanyooka. Mzee akaanza kufika barabara ya Kabarak na kurudi akiwa na pumzi ya kutosha kulalamikia chai. Ndipo Shosho, mama yake, akashuka kutoka Molo kuja kliniki ya macho.

Shosho haombi kitu. Hukisifu tu hadi mwenyewe ukitoe. Alisifu rangi, akasifu wepesi, akauliza kama kinajua nyimbo za kanisani. Jioni hiyo mjukuu wake, kifungua mimba wetu, alikuwa amemwekea folda nzima ya tenzi. Tangu hapo kidude kilishinda kwenye kanga ya Shosho akimenya minji uani, spika moja sikioni, nyingine ikimning'inia kifuani, naye akiimba kwa sauti aya ambazo sisi hatukusikia mwanzo wake. Asubuhi Mzee akikichukua, kilianza na utenzi ule ule Shosho alioachia. Akawa anatembea kwa mwendo wa kusindikiza jeneza. Jirani mmoja alimpa pole.

Mimi nilisema arudishiwe rumba yake. Mzee alinitazama. “Ni mama yangu,” akasema, na kesi ikafungwa hapo.

Kifungua mimba akaona mlango umeachwa wazi. Akaingiza folda ya muziki wake wa gengetone, usiku, kwa wizi, na aliposikia nyayo akaichomoa kadi kabla kompyuta haijamaliza kunakili. Shikeni jambo hilo, litarudi.

Jumamosi mama fua alikuja kama kawaida yake. Jaketi la Mzee lilikuwa kwenye rundo, na kidude kimebanwa ndani ya kofia ya jaketi, mahali ambapo Mzee alisema hakiwezi kupotea. Hakikupotea. Kilionekana kwenye maji ya tatu ya kusuuza.

“Mama, hiki ni chenu?” mama fua aliuliza, amekinyanyua kwa kibanio chake, povu likitiririka kupitia tundu la spika.

Nyumba nzima ikawa na utaalamu. Shosho alitaka kianikwe juani. Kifungua mimba alitaka kitikiswe. Mzee akatangaza mchele, akaenda moja kwa moja kwenye mkebe wa wageni, pishori ya Mwea, akakizika humo. Kadi akaichomoa akaizika peke yake, “ili zisiambukizane.” Nilimwambia mchele hauuzidi upepo kwa kukausha, na vumbi lake huingia mle ambamo maji hayakufika, Apple wenyewe waliwaonya wateja juu ya jambo hilo mwanzoni mwa mwaka 2024.

“Apple hawali pishori,” akasema.

Kesho yake chama chetu cha wanawake, cha kununuliana sufuria kwa zamu, kilikuwa kwangu. Binti yetu alipewa kazi ya kupika pilau. Mzee alikuwa amekwisha kukitoa kidude mkebeni, akakipuliza, akakibonyeza, kikatoa mwanga mwekundu mara moja na kunyamaza moja kwa moja. Kadi hakuikumbuka. Binti alichota mchele, akauosha akiwa na simu begani, akautia kwenye supu ya nyama pamoja na viungo. Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, na pilau hukaa jikoni zaidi kuliko ya watu wa Pwani. Kadi nayo ikakaa. Watengenezaji wengi huandika kwamba kadi ihifadhiwe pasipozidi nyuzi 85.

Kadi hizi zina urefu wa milimita 15, upana wa 11, na unene wa moja. Ni nyeusi. Kwenye sahani ya pilau hakuna wa kuishuku. Mweka hazina alikuwa katikati ya kusoma madeni wakati tuliposikia “ka!”

Alinyamaza. Akaingiza vidole viwili mdomoni kwa heshima, akatoa kitu, akakiweka ukingoni mwa sahani.

“Nilidhani ni karafuu,” akasema. “Sasa mbona imeandikwa GB?”

Wanachama waliweka vijiko chini. Mwenyekiti aliuliza kama kuna nyingine. Binti yangu alitokomea chumbani, na Mzee, ambaye chama hakimhusu, akasikika mlango wa nyuma akiondoka kwenda kutembea bila muziki. Mwenye utulivu alikuwa Shosho. Alichukua kadi, akaifuta mafuta kwa kanga, akamwita mjukuu. “Ijaribu.”

Ikachomekwa kwenye kompyuta. Rumba ipo. Benga ipo. Tenzi zote zipo, wa kwanza hadi wa mwisho. Folda ya gengetone ilikataa kufunguka kabisa.

“Mmeona,” Shosho akawaambia wanachama.

Kifungua mimba alijaribu kueleza kwamba folda hiyo ilikuwa imeharibika tangu alipochomoa kadi kabla ya wakati, kwamba moto haubagui nyimbo. Hakuna aliyemsikiliza. Wanawake wawili walikuwa wameshaomba tenzi hizo ziwekwe kwenye simu zao, na mweka hazina, ulimi ukipapasa jino, alisema kwamba baada ya alichokiuma anastahili kuwa wa kwanza.

Kidude chenyewe hakikufufuka.  Tulirudi mjini, na safari hii tulinunua kwa kumtazama mtumiaji. Shosho alipewa kiredio chenye spika yake, tochi, na mahali pa kadi, kwa sababu mtu anayeimba na wengine hana kazi na waya wa sikioni. Mzee akapata kidude kingine kama kile cha rangi ya machungwa, na amri kwamba kadi haitoki humo ila mezani, mchana, mimi nikiwepo. Kifungua mimba aliambiwa ana simu. Tangu hapo hakuna aliyegombea cha mwenzake, na Mzee hupanda mwinuko wake na sebene lake.

Mkutano uliofuata wa chama, mweka hazina alileta hoja. Zamu ya sufuria isogezwe mbele, alisema. Nusu ya wanachama wameshaambiwa na madaktari watembee, basi kila mmoja anunuliwe kidude chake. Ilipita bila kupingwa. Mwenyekiti aliongeza sharti moja, likaandikwa kwenye kumbukumbu: kila kadi ipakwe rangi ya kucha, kila mwanachama na rangi yake, ili ikionekana kwenye pilau ijulikane ni ya nani.