Marehemu Aongoza kwa Kura

Kwa miaka saba mfululizo kongamano la chama chetu cha wafasiri lilifunguliwa na Profesa yuleyule, kwa mada ileile na slaidi zilezile. Kilichobadilika ni mwaka tu kwenye slaidi ya kwanza, nao mara mbili alisahau kuubadilisha. Profesa na Mwenyekiti wetu walisoma pamoja, wakaoa mwaka mmoja, na nadhani hata vitambi walianza wiki moja. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa akimchagua. Husimama na kutangaza, "Safari hii nimewaletea mtu mzito," nasi tunapiga makofi, maana chai inakuwa haijaletwa.

Mwaka huu wanachama wakasema basi. Kikao cha maandalizi, chini ya mwembe wa ofisi tunayoazimwa hapa Dar es Salaam, kikaazimia kwamba mzungumzaji mkuu achaguliwe kwa kura za wanachama wote. Mimi ni katibu. Katika vyama vyetu, kikao kikishaazimia jambo, ujue katibu ndiye atakayekosa usingizi.

Mwenyekiti hakupinga. Alitukumbusha tu uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja: kwa ubunge wagombea wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba, kwa urais jina moja, nawe unasema ndiyo au hapana. "Mambo yalikwenda haraka," alisema, akapendekeza tumpigie Profesa ndiyo au hapana. Mjumbe wetu anayetoka Mombasa akadakia kwamba kama ni haraka, upo mlolongo, ule uliotumika Kenya 1988 kuwateua wagombea wa KANU: unasimama nyuma ya mtu wako, unahesabiwa, unakwenda zako nyumbani. Mama Mhazini akauliza ulikwendaje. Mjumbe akajibu kwamba watu walilalamika sana, foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu. Nikamwona Mwenyekiti anatoa kalamu na kuandika.

Nikawahi kusema tutumie WhatsApp.

Tangu 2022 WhatsApp ina kura yake humohumo kwenye kundi, na inabeba hadi majina 12. Nikaomba mapendekezo, yakaja 31. Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobeli ya Fasihi ya 2021, alipendekezwa na watu tisa, na wa kwanza wao alifafanua kwamba chama kitagharamia nauli yake kutoka stendi ya Mbezi. Mtu mwingine alimpendekeza shemeji yake, bila maelezo. Na mwanachama mmoja, simtaji ila anadaiwa ada ya miaka mitatu, akampendekeza Shaaban Robert. Nikajua ni utani. Nikaliingiza jina kwenye orodha ili watu wachangamke.

Wakachangamka.

Kosa langu la kwanza: kura ya WhatsApp, usipoizuia, humruhusu mtu kuchagua majina kadiri apendavyo. Sikuizuia. Watu wetu nao ni waungwana. Wanachama wanane waliwachagua wagombea wote 12. Nilipompigia mmoja wao simu kumweleza kwamba kura ya namna hiyo haisaidii, alinijibu kwa upole, "Sasa Katibu, nimwache nani na hawa wote ni watu wazima?"

La pili lilikuwa baya zaidi. Kura hiyo haina siri. Ukigusa kidogo unaona nani kampigia nani. Mshairi wetu wa Tanga, ambaye ni mgombea na pia mwanachama, alikesha akiisoma orodha kama mtu anayekagua michango ya harusi ya bintiye. Alfajiri akaandika: "Nawashukuru wote 14. Wengine nao nimewaona." Kufika adhuhuri alikuwa na kura 22.

Muda ulipokwisha, Shaaban Robert alikuwa na 33.

Nikatoa tangazo rasmi, lenye nembo ya chama, kwamba mshindi alifariki 1962. Nilitarajia kicheko na yaishe. Badala yake nikaulizwa ni kifungu gani cha katiba kinachomzuia. Nikaisoma katiba yetu usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu niitie saini. Inataka mzungumzaji awe "mtu mwenye mchango mkubwa katika lugha". Awe hai, haisemi. Mama Mhazini, ambaye huangalia kila jambo kwa jicho la daftari lake, alituma sauti ya dakika nne akieleza kwamba marehemu hadai posho, hahitaji hoteli, wala hatatuuliza mbona bahasha ni nyembamba. Kwa hali ya mfuko wetu, alisema, hajawahi kutokea mgombea bora kuliko huyo.

Ilibidi kuitwe kikao cha dharura. Kikafuta matokeo, kikaagiza duru ya pili ya walio hai, na kikaniagiza nitafute utaratibu wa kisayansi.

Nikautafuta. Nikakutana na Mfaransa mmoja, Jean-Charles de Borda, ofisa wa jeshi la majini na mtu wa hesabu, ambaye mwaka 1770 aliwaeleza wanazuoni wenzake wa Paris njia ya kuwapanga wagombea kwa alama: unayempenda zaidi unampa nyingi, anayefuata pungufu, hadi wa mwisho. Nikaona hii ndiyo. Inasimuliwa pia kwamba alipoambiwa wajanja wanaweza kuuchezea utaratibu huo, alijibu kuwa yeye aliutunga kwa ajili ya watu waaminifu. Maneno hayo niliyasoma, nikayapita. Nilikuwa na haraka ya kuchapa fomu.

Fomu ilikuwa na mistari mitano. Waliokubali kugombea walikuwa wanne: Profesa, mtangazaji mstaafu wa redio, kijana wetu mtunzi wa tamthilia, na mshairi wa Tanga. Mama Mhazini akasema mstari mtupu utaleta maneno, andika jina lako. Nikaliandika. Kwenye safu ya mada, ambako Profesa aliandika mistari sita, mimi niliweka maneno mawili: "Kujaza nafasi."

Kura zikapigwa, safari hii kwa karatasi na kwa siri. Watu wa Profesa walimpa alama tano, wakampa mtangazaji moja ili kumzamisha. Watu wa mtangazaji wakarudisha salamu. Watu wa kijana wakawazamisha wazee wote wawili. Na kila kambi, ikitafuta mtu asiye na madhara wa kumpa zile alama nne, iliniona mimi. Kati ya wapiga kura 40, 39 waliniweka wa pili. Wa kwanza hakuniweka mtu hata mmoja. Jumla nikapata alama 157. Profesa, aliyefuata, 113.

Neno "uchakachuaji" lilifika kwenye kundi kabla sijamaliza kukusanya karatasi mezani. Nikaitwa kujieleza. Nikasema haiwezekani katibu ajichakachulie ushindi asioutaka. Mama Mhazini akazifungua karatasi tena moja moja, mbele ya mashahidi, akakuta ile moja iliyoniweka wa mwisho. Mwandiko ulikuwa wangu. Mwenyekiti akaishika juu, akauliza kikao tutampeleka vipi jukwaani mtu ambaye hata yeye mwenyewe hajiamini. Nilitaka kumuunga mkono, lakini mhusika haruhusiwi kuchangia hoja inayomhusu. Hoja ikaanguka.

Nikabaki na wiki tatu za kutafuta mada. Siku ya nne mchapaji akanipigia kwamba bango liko tayari, mita nne kwa mbili, maandishi ya dhahabu. Alikuwa ameyatoa maelezo moja kwa moja kwenye fomu niliyompelekea. Chini ya jina langu kamili na picha ya kitambulisho iliyovutwa mpaka masikio yakapanuka, lilisomeka: "Mada Kuu: KUJAZA NAFASI." Kulichapa upya kungekula bajeti ya chakula cha mchana, na chama chetu kinaweza kuvumilia mengi, lakini si hilo.

Kwa hiyo nilisimama chini ya bango lile, nikasema itifaki imezingatiwa, nikazungumza dakika 25 kuhusu maneno ambayo mfasiri huyapachika pale neno halisi linapokosekana. Ukumbi ulikuwa kimya. Wawili walikuwa wakiandika. Nilipoteremka, Profesa alinishika mkono akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningempa nakala. Kuna mahali, alisema, mwaka ujao anataka kuinukuu.