Makocha wa Ghorofani

Asubuhi ya Jumapili, Agosti 10, 2025, Nyayo Highrise ilikuwa na wapangaji. Kufikia magharibi ilikuwa na makocha. Harambee Stars ya Kenya, wakiwa kumi uwanjani kipindi chote cha pili, walikuwa wameilaza Moroko 1-0 pale Kasarani kwenye mashindano ya CHAN, bao la Ryan Ogam.

Asubuhi hiyo jirani yangu alikuwa akimcheka kocha wa Stars, Benni McCarthy, kwa kutegemea "watoto". Jioni alipanga vizibo vya soda juu ya meza ya muuza chapati, akitufundisha jinsi kikosi kinavyojibana nyuma mtu akipewa kadi nyekundu. Kumbe mbinu hiyo ni yake tangu zamani. McCarthy aliiokota tu. Nao watoto walikuwa wamepanda cheo: sasa ni "vijana wetu".

Agosti 22, kwenye robo fainali, Madagaska ikatutoa kwa penalti. Nikamtafuta mwalimu wa vizibo nimpe pole.

"Hao vijana wake," akanijibu huku akifunga mlango, "si nilisema tangu mwanzo ni wachanga?"

Vizibo tumemrudishia muuza chapati. Vina mechi nyingine.